Ngano Fupi na Ngozi ya Mbuzi

Wiki iliyopita Martina, binti wa marehemu dada yangu, aliniita Maretadu tufungue sanduku la mama yake. Nilikwenda polepole. Magoti yangu hayapandi tena milima ya kwetu kama zamani, na kila kijana niliyekutana naye njiani alinipa shikamoo, nikasimama kuitikia, nikashukuru kupata sababu ya kusimama. Kufuli lilikuwa limeshika kutu. Martina aliligonga kwa jiwe, kifuniko kikainuka, na kabla sijaona chochote harufu ilinifikia: samli ya siku nyingi, moshi wa kuni, na chini yake ngozi.

Nilimwambia mguu unaniuma, nikatoka nje nikakaa kwenye benchi. Mguu haukuniuma kuliko siku nyingine. Nilijua kilichokuwemo ndani ya sanduku lile, ila sikuelewa kilifikaje humo, kwa sababu mimi mwenyewe nilikitupa nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Wenzangu wa rika langu mtayakumbuka mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang. Baba yangu aliiacha milima ya Mbulu akashuka kutafuta kazi huko, nasi tukamfuata, tukaishi kwenye nyumba za wafanyakazi upande wa Gehandu. Ngano ilianzia nyuma ya choo chetu na kuishia pale macho yalipochoka. Asubuhi tuliamshwa na matrekta, na nguo zetu, mikate yetu, hata maji ya kunywa, vyote vilikuwa na harufu ya dizeli. Ikifika saa tatu upepo ulianza kuvuma kutoka upande wa mlima na haukutulia mpaka jioni. Ulibeba vumbi, makapi, kofia za watu, na mara moja bati zima la paa la jirani.

Jua la kule ni la kudanganya. Hewa ni ya baridi, unatembea mchana na sweta, unadhani jua limekusahau. Jioni ndipo ngozi ya shingo inapoanza kuvuta, ukajua kwamba lilikuwa nawe siku nzima.

Mimi na wewe ngozi inavuta kidogo, yanaisha. Dada yangu Paskalina hakuwa hivyo. Nilimzidi miaka mitatu. Alizaliwa bila rangi mwilini, na nywele zake zilifanana na masuke yaliyokauka. Siku hizi tunasema mtu mwenye ualbino. Wakati ule tulisema neno jingine, ambalo sitaliandika hapa. Mama alikuwa na sheria zake: asubuhi shuleni, akae mbali na dirisha, na kuanzia saa nne mpaka saa kumi asionekane nje bila kujifunika. Lakini hata alipojifunika kwa kanga na gauni la mikono mirefu, mabega yake yalikuwa mekundu kila jumamosi Mama alipomwogesha. Hatukuelewa jua lilipitia wapi.

Aliyeelewa ni mama mmoja wa Kibarbaig aliyetuletea maziwa kwenye kibuyu. Sisi watoto tulimwita Mama Maziwa. Watu wake walichunga ng'ombe kwenye tambarare ile kabla haijawa ngano, na sasa alizunguka mbali pembezoni mwa mashamba kutufikia. Siku moja alimgusa Paskalina begani, juu ya gauni, akamwona anavyoruka.

"Huyu ameungua hapa."

"Ameungua vipi, mama? Alivaa nguo," Mama akasema.

"Nguo!" Mama Maziwa alicheka. "Nguo ni chujio. Jua linachungulia, linapita. Jua halipiti ngozi."

Wiki iliyofuata alileta ngozi ya mbuzi iliyolainishwa mpaka ikawa kama kitambaa kizito, imekatwa kwa kipimo cha mtoto, na kamba ya kufunga kifuani. Mama alitaka kumpa maharage. Alikataa, akasema mtoto ni mtoto. Akamshika Paskalina kidevu.

"Ipake samli kila mwezi. Ikikauka itapasuka, na wewe utapasuka nayo. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Tangu siku ile mabega yake yalipona. Ningeweza kumaliza habari hii hapa, na ingekuwa habari njema.

Lakini ngozi ile ilinuka. Ilinuka samli na moshi, na njia ya kutoka shuleni ilikuwa ndefu, na mimi ndiye niliyetembea naye. Safari, mtoto wa dereva wa kombaini la kuvunia ngano, alitusubiri kila mchana kwenye daraja na wenzake.

"Leo umechunga mbuzi mmoja tu?" aliniuliza. "Wengine wako wapi? Wamekula ngano ya serikali?"

Wakacheka. Mwingine akalia kama mbuzi.

"Huyo ana maziwa?"

"Nina pembe," Paskalina akawajibu. "Sogea uone."

Yeye hakujali. Hilo nataka lieleweke. Aliyeumia ni mimi. Nilianza kutembea hatua kumi mbele yake, baadaye hatua ishirini, nikisema nawahi nyumbani kuchota maji.

Baba wakati huo alikuwa amehamishiwa kwenye majaribio. Alikuja mtaalamu mmoja wa kigeni, mrefu, mpole, aliyejifunza Kiswahili kitabuni na kumpa kila mtu shikamoo, hata sisi watoto. Tulimwitikia marahaba kwa sauti nzito, tukakimbia tukicheka. Kwenye kona iliyokingwa na upepo alitengeneza vitalu vinane vya ngano, kila kimoja na fremu ya mbao juu yake, na juu ya fremu plastiki angavu iliyokazwa kama ngozi ya ngoma. Vitalu vinne vilikuwa na vigingi vyekundu, vinne vyeupe. Kazi ya Baba ilikuwa kumwagilia kwa kipimo, na kila ijumaa kupima urefu wa ngano kwa rula na kuandika kwenye daftari. Aliipenda kazi ile. Alikuwa ameishia darasa la nne, na sasa alitembea na kalamu mfukoni.

Nilimpelekea makande mchana, akala ameegemea fremu, nami nikauliza plastiki ni ya nini wakati mvua imeshakwisha.

"Jani ni jiko," Baba aliniambia. "Linachukua maji kutoka chini, hewa kutoka juu, linapika chakula cha mmea. Mwanga wa jua ndio moto wake. Umeelewa?"

"Ndiyo, Baba."

"Sasa ndani ya mwanga huo umo mwingine usioonekana, mkali kuliko huu. Huo haupiki kitu. Huo unaunguza jiko lenyewe. Bwana, yule mtaalamu, anasema kwetu huku juu ni mwingi, kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi, haiuchuji kama ya pwani. Plastiki moja inauzuia, nyingine inaupitisha. Yeye anataka kujua ngano itakuwaje."

"Kwa nini hatuuoni?"

"Ungeuona si ungeukwepa?"

Nikafikiri. Kisha nikauliza lile lililonileta.

"Ndio huo unaomuunguza Paskalina?"

Baba aliacha kutafuna. "Nilimuuliza Bwana swali hilo hilo. Alisema ni huo huo."

"Plastiki inayouzuia ni ya vigingi gani?"

"Hajatuambia. Anasema tukijua tutapendelea, tutaimwagia maji zaidi ile inayoungua, kwa huruma. Ameandika kwenye daftari lake mwenyewe."

"Kwa hiyo hata wewe hujui?"

"Mimi najua kupima," Baba akasema, akanirudishia bakuli.

Plastiki zile zilifanana kabisa. Niliziangalia siku nyingi, nikazigusa, nikazinusa. Zote zilikuwa na harufu ile kali ya kitu kipya kilichotoka kwenye karatasi. Basi nikaamua kuiuliza ngano. Chini ya vigingi vyeupe ilikuwa ndefu, majani mapana, laini, ya kijani cheupe kidogo. Chini ya vigingi vyekundu ilikuwa fupi, majani membamba, mazito, ya kijani kilichokolea, na ukilivunja jani lilitoa sauti.

Labda mtoto wa mahali pengine asingekosea. Mimi nilikulia kwenye shamba la ngano la serikali. Tulifundishwa tangu wadogo kwamba ngano nzuri ni fupi. Ndefu inalala ikipigwa na upepo, na iliyolala kombaini haliwezi kuibeba. Bwana shamba alipopita na wageni alisimama palipo na ngano fupi, akaipigapiga kwa kiganja kama mtu anayempiga ng'ombe mgongoni. Na nyumbani nilishawahi kuinua chungu kilichopinduliwa uani nikakuta chini yake maharage yaliyoota gizani, marefu, meupe, yamelegea kama minyoo. Mama alisema hayo yana ugonjwa. Kwa hiyo mahesabu yangu yalikuwa rahisi: ndefu na laini ni ngonjwa, fupi na imara ni nzima. Nzima ndiyo iliyokingwa. Nilikuwa na uhakika kuliko nilivyowahi kuwa na uhakika na jambo lolote tangu hapo.

Mavuno yakafika kwenye mashamba makubwa. Kombaini likipita huacha masuke yaliyoanguka, na watoto waliruhusiwa kuingia nyuma yake na madebe kuokota. Mchana kutwa ulisikia kelele zao. Ngano ile tuliikaanga na chumvi, tukatembea nayo mifukoni wiki nzima. Paskalina hakuwahi kwenda. Alikaa mlangoni, kwenye mstari wa kivuli, akisikiliza.

"Kaka, nichukue siku moja. Nitavaa ngozi yangu."

"Na ngozi hiyo? Hapana."

Nilimjibu hivyo. Kisha, nikiwa nimelala jioni ile, wazo la plastiki lilinijia, na nilijiambia ni kwa ajili yake. Kwa miaka mingi nimejisimulia hivyo, kwamba kaka alimhurumia mdogo wake. Ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba sikutaka kuonekana na Safari nikiandamana na mbuzi.

Jumapili wazazi walikwenda kanisani na Paskalina, naye kafunikwa kanga tu, kwa kuwa ngozi ile haikuvaliwa kanisani. Mimi nilisema tumbo linauma. Nilichukua wembe wa Baba, nikaenda kwenye majaribio, nikakata plastiki ya kitalu cha mwisho chenye vigingi vyekundu, nikaweka mahali pake nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea, nikaikaza vizuri. Kwa mbali ilifanana. Nilishona kwa sindano ya magunia: joho lenye kofia, refu mpaka magotini. Nililificha kwenye lundo la makapi. Kisha nilirudi nyumbani nikaitoa ngozi ya mbuzi msumarini, nikaenda nayo hadi korongoni, nikairusha. Haikuruka mbali. Ilianguka kwenye miiba, ikaning'inia. Nikaiacha.

Walipotoka kanisani nilimwambia Mama kwamba niliianika ngozi baada ya kuipaka samli, upepo ukaichukua.

"Upepo!" Mama akashika kichwa. "Umeitafuta?"

"Nimeitafuta sana."

Paskalina alikuwa amesimama mlangoni. Aliutazama msumari uliokuwa mtupu, akanitazama mimi. Samli ilikuwa kwenye kopo lake juu ya kabati, haijafunguliwa mwezi mzima.

Kesho yake shule ilikuwa imefungwa kwa mavuno na Mama alikwenda kupalilia maharage mbali. Nilimpeleka Paskalina kwenye lundo la makapi, nikamvisha joho. Alijitazama mikono, akaona mwanga unavyocheza juu yake, akazunguka mpaka akaanguka.

"Kaka, umeipata wapi?"

"Wewe vaa. Hii inazuia kile kinachounguza. Baba alisema."

Baba hakusema hivyo. Nililiweka jina lake pale ili aniamini.

Tuliingia shambani saa nne. Kombaini lilikuwa limepita, mabua yalichoma miguu, vumbi la ngano lilijaa puani. Watoto waliacha kuokota wakamzunguka. Mbuzi aliondoka, na mahali pake alisimama mtu ambaye hawakuwahi kumwona, anang'aa kama dirisha. Safari alisogea taratibu.

"Nipe na mimi nijaribu kidogo."

"Si ulisema mimi mbuzi?" Paskalina alimwambia. "Mbuzi hawaazimani ngozi."

Watoto wote walimcheka Safari, hata wa kundi lake. Nilisimama kando nikiwa na kiburi ambacho bado nakikumbuka kifuani. Upepo ulikuwa wa baridi, sisi sote tumejikunyata, na yeye ndani ya plastiki alikuwa akitoka jasho.

"Kaka, nasikia joto sana."

"Vua gauni. Baki na shimizi. Plastiki inatosha."

Hayo ndiyo maneno. Nimeyabeba miaka hamsini sasa. Alivua gauni lake la mikono mirefu ndani ya joho, akanipa nimshikie, na akaokota masuke mikono wazi, shingo wazi, mpaka saa kumi. Alijaza debe. Alikuwa akiimba. Mara kwa mara aliinua uso akaliangalia jua moja kwa moja kwa macho yale yasiyopenda mwanga, yamefumbwa nusu, kama mtu anayemcheka adui aliyefungwa kamba.

Jioni hakula. Mama alipomgusa alipiga kelele. Mabega, shingo, mikono, na midomo vilikuwa vimevimba, na kabla ya kulala malengelenge yalianza kutokeza, makubwa, yenye maji. Mama alimlaza juu ya kanga zilizolowa. Baba alimbeba alfajiri kwenda zahanati, na huko alilala siku sita. Nilipokwenda kumwona, uso wake ulikuwa umepakwa dawa ya zambarau na hakuweza kufumba mdomo. Kando ya kitanda Baba alikuwa amelishika lile joho. Alikuwa amelikuta kwenye makapi.

"Nani alikata hii?"

Nilifungua mdomo. Nataka kuandika kwamba nilifungua mdomo, kwa sababu ni kweli, lakini hakukutoka kitu.

"Ni mimi, Baba," Paskalina akasema, maneno yakipita kwa shida kwenye midomo ile. "Nilitaka kuokota ngano."

Baba alinitazama mimi, si yeye. Nadhani alijua. Lakini hakuuliza tena, na kwa namna fulani hilo lilinifunga zaidi kuliko fimbo.

Yule mtaalamu alikuja nyumbani jumamosi ya wiki iliyofuata. Sisi tulikuwa tumemrudisha Paskalina, amelala chumbani, nami nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na mlango. Nilimsikia akiikunjua plastiki. Ilikuwa na alama yake ndogo kwenye pindo, ambayo sikuiona nilipoikata.

"Hii, mzee," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole, "hii si ile inazuia. Hii inapitisha. Inapitisha yote."

Baba aliipokea mikononi. "Vigingi vyekundu. Ile ngano fupi."

"Ndiyo. Fupi kwa sababu imechomwa. Jani likichomwa linafanya ngozi nene, linafanya dawa ndani ya ngozi yake kukinga mwanga mbaya. Chakula chote kinakwenda huko. Hakibaki cha kukua." Akageukia mlango wa chumbani. "Ile ndefu ndiyo ilikuwa salama. Pole, mzee. Pole sana kwa mtoto."

Nilikaa sakafuni pale nikiitazama kucha ya kidole changu cha mguu. Nilikuwa nimeiona ngano inayoteseka, nikaisifia afya yake.

Baba alifukuzwa kazi mwisho wa mwezi. Msimamizi alisema mali ya majaribio imeharibiwa na familia yake, na kitalu kimoja kikiharibika vyote vinane vimekuwa kazi bure. Mtaalamu aliomba kwa ajili yake, hakusikilizwa. Tulipanda lori la magunia tukarudi Maretadu, kwenye mahindi na maharage ya babu, na Baba akaiweka kalamu kwenye tundu la ukuta, ambako ilikaa mpaka wino ukakauka. Mama Maziwa alisimama njiani kutuaga. Alimwona Paskalina amefungwa vitambaa.

"Ngozi iko wapi?"

Lori liliondoka, na vumbi likamfunika.

Baadaye nilibahatika kusoma sekondari. Kidato cha tatu mwalimu wa baiolojia alichora jani ubaoni, akatufundisha neno usanisinuru, namna jani linavyotumia mwanga kutengeneza chakula, na namna mionzi ya urujuanimno, ule mwanga usioonekana, inavyoharibu sehemu zile zinazofanya kazi hiyo, mmea ukalazimika kujikinga kwa gharama ya kukua. Darasa zima liliona ni somo gumu. Kwenye mtihani nilijibu swali lake vizuri kuliko wote, na mwalimu alilisoma jibu langu kwa sauti mbele ya darasa. Nilimwomba ruhusa nikatoka nje. Jani la ngano likichomwa hujitengenezea ngozi. Paskalina hakuwa na cha kutengenezea. Yake aliletewa na mtu, nami nikaitupa korongoni.

Aliishi, aliolewa, alilima alfajiri na jioni, akamlea Martina. Kwenye bega la kushoto alibakiwa na baka ambalo halikuwahi kutulia. Lilikauka, likafunguka, likakauka tena, na alipokuwa mtu mzima likawa kidonda. Miaka ya mwisho tulikuwa wenyeji wa hospitali. Nilimuuliza daktari kama kuungua kwa siku moja utotoni kunaweza kuleta hali ile. Alinihurumia, akasema hakuna anayeweza kuitaja siku, ni jua la maisha yote. Nilimshukuru. Sikupata usingizi hata hivyo.

Mara moja tu nilijaribu. Alikuwa amekaa kitandani, mimi nimeshika kikombe chake cha uji.

"Paska, siku ile ya plastiki..."

"Siku ile niliokota debe zima," akasema haraka, akatabasamu. "Safari aliomba ajaribu. Unakumbuka uso wake?"

Nikasema nakumbuka. Tukacheka wote wawili. Nikaenda nyumbani nimepumzika kama mtu aliyeungama, na nilikuwa nimefika nusu ya njia nilipogundua kwamba sikuwa nimesema chochote. Nikaamua nitarudi jumapili. Jumapili nilikuwa na mafua. Kisha nikaitwa kwa simu.

Hayo yote yalinipitia akilini nikiwa nimekaa kwenye benchi, mpaka Martina akatoka nje ameishika mikononi. Ilikuwa ndogo. Nilikuwa nimesahau jinsi ilivyokuwa ndogo. Kamba ilikuwa imebadilishwa, na mahali pawili palipochanwa na miiba palishonwa kwa uzi mweusi, mshono wa mtoto, mrefu na wa kupinda. Lakini ilikuwa laini, haina hata ufa mmoja. Iliinama kwenye mkono wake kama nguo.

"Mjomba, hii naijua," alisema. "Mama aliipaka samli kila mwezi. Hata alipokuwa mgonjwa, alinituma mimi nimpakie. Nilimuuliza ya nini, wakati haimtoshi mtu."

"Akasemaje?"

"Akasema ni yake ya utotoni kule Gehandu. Siku moja upepo uliichukua. Akashuka korongoni akiwa bado na vidonda, akaikuta kwenye miiba." Aliigeuza, akainusa. "Kila mara alisema hivyo hivyo. Upepo wa kule, alisema, ulikuwa mbaya sana."

Aliiweka kwenye magoti yangu akaanza kurudi ndani. Ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka, na samli ilianza kunishika vidole.

"Martina," nikamwita. "Njoo ukae hapa. Haukuwa upepo."